Lita ya Butembo

Habari ilisomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya zamu ya kufagia. Kila muuguzi mwenye diploma ya Zaïre afike Beni kufanya mtihani wa kibali. Asiyekuwa na kibali mwezi ukiisha hatagusa mgonjwa tena, na kituo chake kitapewa mwingine. Msomaji alikunja karatasi, akatafuta karatasi ya kufagia, na kichwa baada ya kichwa kikageuka kumtafuta Godelive mahali alipokaa, kama watu wanavyomtafuta mfiwa kwenye msiba.

Njiani kurudi nyumbani Furu, mtaa wao wa Butembo, Godelive na mumewe walipofika darajani, alisimama.

"Miaka yote hii," alisema. "Nimezalisha nusu ya batu ya hii mutaa. Leo njo banataka kujua kama niko muganga?"

"Si wewe," mumewe Sikuli alimjibu. "Ni diploma. Zaïre ilikufa, na mufu hawezi kusaini karatasi."

"Mufu alisaini wakati alikuwa muzima!"

"Basi uende umufufue, alete ushahidi."

Sikuli alikuwa fundi wa tshukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazoteremsha viazi na mkaa kutoka vilimani. Alikuwa mtu wa utani, na kwa kawaida mke wake alimpenda kwa hilo. Siku ile alimpenda kidogo tu.

Mwaka ulikuwa wa 2001, na nchi ilikuwa imekatwa vipande kama mkate wa msiba. Kipande chao kilitawaliwa kutoka Beni, na waliokaa Beni walitaka kila kitu kianze upya: kodi, mihuri, bendera, na sasa wauguzi. Godelive alikuwa amemaliza shule ya uuguzi kabla ya vita vyote viwili. Alifanya kazi Kalunguta mpaka risasi zilipomtoa, akakimbilia Butembo, akafungua kituo cha kanisa chenye vyumba viwili na benchi moja. Alikuwa amepita miaka arobaini. Kifaransa chake kilikuwa kimelala muda mrefu, maana wagonjwa wa Furu waliugua kwa Kiswahili na kufa kwa Kinande.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kusomea. Daftari zake za shule alikuwa ameziacha Kalunguta, na aliporudi kuzitafuta, alikuta askari waliolala nyumbani mwake wamezikunjia sigara. Moyo ulikuwa umevutwa wote, na mapafu, na damu na mishipa yake. Kilichobaki kilianzia tumboni kushuka chini.

"Angalau balivuta kwa mpangilio," alisema Sikuli alipoiona ile sehemu iliyosalimika.

Ikabidi amwandikie Phinées, waliyesoma naye darasa moja, ambaye alikuwa muuguzi huko Kasugho, msituni. Phinées alituma daftari zake kwa mchuuzi wa maharagwe, zimefungwa kwenye majani ya migomba, na ndani ameandika: *Nakutumia moyo na mapafu. Unirudishie tukionana Beni, na mimi natakiwa kule.* Mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope. Godelive alitumia wiki nzima kujifunza kusoma mkono wa Phinées kabla ya kuanza kusoma alichoandika.

Walifanya masomo karakanani, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mama mkwe. Sikuli alishika randa kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine, akauliza maswali kwa sauti ya katekista.

"Définissez… asepisi."

"Asepsie."

"Ndiyo, njo nimesema. Asepisi."

"Asepsie ni hali ya kutokuwa na vijidudu…"

"Mama Muganga! Mama Muganga uko?"

Ilikuwa hivyo kila siku. Hakufika mwisho wa sentensi moja. Mmoja alikuja na jipu, wa pili na mimba, wa tatu hakuwa na ugonjwa wowote ila alikuwa amesikia kwamba Mama Muganga anarudia shule, akataka kujionea. Walipomkuta na daftari walicheka, kisha wakamwonea huruma, na Godelive hakujua kipi kilimchoma zaidi.

"Utavaa na uniforme?" waliuliza. "Bluu na nyeupe?"

Mama mkwe wake, Mama Kaswera, alileta kiti chake mpaka mlangoni mwa karakana ili asipitwe na kitu.

"Mimi kwa umri yake nilikuwa nabeba bajukuu," aliwaambia majirani. "Huyu anabeba cahier. Akianguka, batamupigisha magoti mbele ya batoto?"

"Mama, sitaanguka."

"Sijasema utaanguka. Nimeuliza juu ya magoti."

Siku mbili kabla ya safari, ndipo alipoingia Mama Kitsa, jirani wa nyuma ya ua, na mtoto mgongoni. Kitsa alikuwa na mwaka na nusu. Alikuwa ameharisha tangu jana yake, macho yamezama, midomo imekauka. Godelive aliweka moyo na mapafu chini, akambana mtoto ngozi ya tumbo, akaona inachelewa kurudi.

"Usiache kumupatia maziwa. Na maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, hata akitapika. Unajua namna ya kutengeneza?"

"Nimesahau. Uniambie tena."

"Litre moja ya maji ya kuchemka. Kijiko moja ya chumvi, umesawazisha na kidole, hapana kufanya kilima. Bijiko munane bya sukari. Uonje. Isipite machozi kwa chumvi."

"Litre, njo chupa ya Primus?"

"Njo litre. Kwani kuko ingine?"

Mama Kitsa akaenda zake. Na kweli hakukuwa na nyingine. Butembo mafuta ya mawese yalipimwa kwa chupa ile ya bia, mafuta ya taa vilevile, asali, kasiksi ile pombe ya ndizi, hata maji ya kubatizia yalipobebwa kwenda vijijini. Chupa moja, lita moja. Mtoto wa shule aliyeambiwa achore lita alichora shingo ndefu na mabega ya mviringo. Godelive mwenyewe alikuwa amekua hivyo, na alikuwa amewafundisha hivyo mama wa Kalunguta na mama wa Furu bila kusita hata mara moja.

Jioni alipita kumwangalia Kitsa. Mtoto alikuwa anatema.

"Hapendi," alisema mama yake. "Anakunja sura."

"Nani anapenda dawa? Mulazimishe."

Godelive alisafiri juu ya magunia ya maharagwe, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja aliyeenda Beni. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa uji. Alijifunika kitenge, akajaribu kukariri vyumba vya moyo, lakini kila shimo lilihamisha damu kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Kalunguta, askari kijana mwenye kofia ya sufu aliwashusha wote.

"Mama, unaenda wapi?"

"Beni. Examen."

"Examen!" Akawaita wenzake. "Mukuje muone! Koko muzee huyu anaenda examen! Ya nini, mama, ya catéchisme?"

"Ya uuguzi."

Alijuta hapo hapo. Askari alikaa kwenye gogo, akavua buti, akamwonyesha unyayo wenye kidonda kilichoanza kunuka. Akiwa hajamaliza, mwingine alikuja na sikio. Mwingine alitaka kumwambia jambo faraghani nyuma ya lori. Dereva alipiga honi, wakamwelekezea bunduki, akaacha kupiga. Godelive aliosha, akafunga, akafoka, akamwambia yule wa faraghani maneno ambayo hata wenzake walicheka. Walipoachiliwa, hakuna aliyesema asante, ila yule wa kofia alimpungia mkono.

"Examen njema, Docteur!"

"Docteur ni mama yako," alinung'unika Godelive ndani ya kitenge.

Alifika Beni na matope mpaka magotini. Phinées alikuwa anamngoja mlangoni mwa ukumbi, amevaa suti iliyomzidi mabega, nywele zimepukutika tangu walipoonana mara ya mwisho.

"Umeniletea moyo wangu?"

"Moyo wako hausomeki, kaka. Chukua."

Sehemu ya kuandika ilimtesa. Maneno ya Kifaransa yalikuja moja moja, kama wazee wanaotoka misa. Kwenye swali la homa ya uti wa mgongo alitaka kueleza kwamba mgonjwa anaumwa kichwa sana, na kwa kuwa kwao kichwa *kinaluma*, kalamu yake iliandika kwa Kifaransa kwamba kichwa kinamng'ata mgonjwa. Aligundua alipokuwa amekwisha kutoa karatasi. Alikaa kwenye benchi la nje akijiona yuko na kichwa chenye meno.

Baadaye waliitwa mmoja mmoja kwa mazoezi ya mikono. Kila aliyeingia alitokea mlango wa pili, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza. Godelive alipoingia, alimkuta mwanamke wa makamo nyuma ya meza, miwani yake imeshikiliwa na uzi mweusi. Walimwita Madame Kahongya. Mezani palikuwa na kopo la sukari, chumvi, kijiko, kisu, ndoo ya maji, jagi la plastiki lenye mistari, na chupa tupu ya Primus.

"Mutoto wa mwaka moja anaharisha," alisema Madame Kahongya. "Nitengenezee litre moja ya maji ya chumvi na sukari."

Godelive alishusha pumzi. Hatimaye, swali ambalo askari hawakulivuta! Alinawa mikono vizuri, akachukua chupa, akaijaza mpaka shingoni, akaiweka mbele yake na kushika kijiko.

"Ile ni nini?"

"Litre, Madame."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mutu. Njo litre."

"Soma hapo."

Godelive aliiinamia chupa. Alikuwa ameshika chupa za namna ile maelfu ya mara, akazifuta, akazichemsha, akazijaza. Maandishi yalikuwepo, madogo, yamezoea kutosomwa. 72 cl.

"Sasa mimina mule," alisema Madame, akisukuma jagi.

Alimimina. Maji yalipanda, yakapita mstari mmoja baada ya mwingine, kisha yakaisha. Juu yake mstari wa lita ulikuwa bado mbali, mkavu. Godelive alitikisa chupa, kama kwamba kilichopungua kilikuwa kimejificha ndani.

"Na chumvi, ulikuwa unatia kijiko nzima?"

"Kijiko nzima."

"Mutoto wa kuharisha, unamuongezea chumvi, na maji unamupunguzia. Unajua inamufanya nini?"

Alijua. Jibu hilo lilikuwa katika sehemu ya daftari iliyosalimika, kuanzia tumboni kushuka chini, na kwa Kifaransa kizuri. Chumvi ikizidi, mtoto anakauka zaidi.

"Na hukuonja? Tulibafundisha kuonja."

"Nilionja, Madame. Kila mara."

"Halafu?"

"Ilikuwa kama machozi tu."

Madame Kahongya alivua miwani, akaufumbata ule uzi mweusi kiganjani. Nje lori lilikuwa linapanda kilima kwa shida.

"Tangu asubuhi," alisema, na sauti yake haikuwa kali tena, ilikuwa imechoka, "kila mutu wa Butembo anashika hii chupa. Na kila moja, nikimuuliza atafanya nini akirudi, ananiambia ataelimisha population. Basi na wewe uniambie. Nikikupatia kibali, utarudi kufanya nini?"

Godelive alijua jibu linalotakiwa. Lilikuwa limemfikia ulimini, *nitaelimisha*, lakini nyuma yake vilikuja matope, na unyayo wa yule askari, na magoti ya Mama Kaswera, na Zaïre iliyokufa bila kuaga, na Kitsa anayekunja sura, na yeye mwenyewe akisema *mulazimishe*. Alikipiga kijiko mezani.

"Madame, sitakudanganya. Batu ya Butembo, unaweza kubahamishia mulima bakakusaidia kubeba. Lakini litre yabo, hapana. Nikisimama sokoni kusema litre si litre, mwenye mafuta atanirushia mawe, na mwenye kununua atamurushia yeye. Nikibaambia batafute jagi, batatoa wapi jagi? Yaliibwa yote wakati ya vita. Chupa itabaki. Mimi nitapunguza kijiko."

"Utapunguza namna gani?"

"Chini kidogo ya robo tatu."

"Onyesha."

Alijaza chupa upya. Alisawazisha chumvi kwenye kijiko kwa kisu, akaigawa nne kwa ncha, akaondoa robo moja, kisha akafuta ukingo wa iliyobaki, kama anayekata ukucha wa mtoto mchanga. Sukari nayo akaipunguza kwa kadiri hiyo. Chumvi haikumwagika. Madame Kahongya alimimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akaandika kitu, akamwonyesha mlango wa pili.

Matokeo yalisomwa kesho yake uani. Godelive alikuwa amefaulu, kwa shida, pamoja na kichwa kinachong'ata. Phinées alirudishwa mpaka kikao kijacho.

Godelive alimwangalia rafiki yake akikunja koti lake kubwa, akamsogelea.

"Usinililie," alisema Phinées. "Moyo wangu umefaulu. Ni mimi mwenyewe nimeanguka."

"Ulimwambia nini ya chupa?"

"Niliapa nitaelimisha population." Akatikisa kichwa. "Population ya Kasugho! Bale ambao hata mwaka habakubali ukibaambia umeisha."

Akataka kumpa tena zile daftari aende nazo. Godelive alikataa, maana Phinées ndiye aliyezihitaji sasa, wakasukumana nazo mpaka jani la mgomba likapasuka, na mwishowe Phinées akazichukua. Karatasi aliyopewa Godelive ilikuwa na muhuri mkubwa na maneno madogo chini: kibali hiki ni cha muda, mpaka nchi itakapoungana. Aliuliza itaungana lini. Aliyekuwa akigawa karatasi alimtazama kama naye angependa kuambiwa, na Godelive akamsamehe papo hapo.

Njia ya kurudi haikuwa na mvua. Lori lilipopita Kalunguta aliliona paa la kituo chake cha zamani, majani yameota juu ya bati. Mama wangapi walikuwa wamepiga magoti mlangoni pale na chupa zao? Watoto wengi waliinuka, hilo alilijua, wengine aliwaona wakikimbia. Wachache walirudishwa mlimani kuzikwa, ndani ya kitenge, na wakati ule alisema walichelewa kuletwa. Labda kweli walichelewa. Hakuna kitu ambacho kingemwambia, na hakuna jury ya mtihani ambayo ingemuuliza. Alikaa juu ya magunia na kibali kifuani, na kitu pekee alichokitaka ulimwenguni ni lori liende mbio zaidi.

Hakupitia nyumbani. Alikatiza uani, akaingia kwa Mama Kitsa na matope yake. Kitsa alikuwa mkekani, mwepesi kama kikapu, lakini macho yalimfuata. Alikuwa analia, na machozi yalikuwepo. Pembeni chupa ilikuwa imejaa.

Godelive aliinyanyua, akaimwaga yote mlangoni.

"Eh! Mama Muganga! Sukari yangu!"

"Lete ingine. Na chumvi. Nitatengeneza mwenyewe."

Mama Kitsa alimtazama akigawa chumvi kwa ncha ya kisu.

"Kumbe njo vile? Umepata karatasi, sasa unatunyima chumvi?"

"Nilikufundisha mubaya. Ile chupa si litre. Haifiki litre."

Kisha Mama Kaswera, ambaye alikuwa amemfuata mkwewe kwa nyuma ili asipitwe, alipiga makofi.

"Si litre? Basi yule mwenye mafuta ya taa anatuiba tangu Mobutu!"

Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Mwenye mafuta alikuja mpaka karakanani kusema kwamba Mama Muganga anaharibu biashara ya watu, kwamba Beni wamemlisha siasa, na kwamba lita ya Beni ibaki Beni. Wawili watatu walimwunga mkono. Godelive aliketi kwenye kipande cha gogo, kiatu kimoja mkononi, akikikwangua matope.

Sikuli alingoja waondoke. Kisha akachukua kipande cha mti kilichobaki alipochonga gurudumu.

"Kadiri gani?" aliuliza.

Alimwonyesha kwa chumvi halisi kiganjani. Sikuli alichonga, akapima, akachonga tena, akaukwangua ule mti mpaka kijiko kikalingana na chumvi ya kiganjani mwa mke wake. Upande wa pili wa mpini alichonga kijiko kikubwa zaidi, cha sukari, akakipunguza nacho kwa kadiri ileile ili hesabu ya vijiko vinane ibaki kama watu walivyoizoea. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili hakufanya utani.

Kitsa alipewa maji yale asubuhi. Alikunja sura kwa mazoea, akangoja, akameza, akashika ukingo wa kikombe kwa mikono yote miwili.

Sikuli alichonga vingine. Wanawake wa Furu hawakukubali kamwe kwamba chupa si lita, na hawajakubali mpaka leo. Lakini kijiko walikichukua, kwa kuwa kilikuwa cha bure na kilichongwa vizuri. Hawakukiita kijiko. Walikipa jina wenyewe, na Godelive alilisikia mara ya kwanza juu ya ua, kwa sauti ya Mama Kitsa, siku aliyokuwa ameketi hatimaye kula ugali wake ungali moto.

"Mama Muganga! Unitumie examen yako, mutoto wa shemeji anaharisha!"

"Na yako iko wapi?"

"Ilipotea!"

Godelive alisukuma sahani, akanawa mikono, akainuka.

"Mimi nimehangaika mpaka Beni juu ya examen," aliupigia ua kelele, "na wewe unaipoteza jikoni! Chukua. Na uirudishe!"